Namna ya Kushughulikia Maswali Yanayorudi Katika Kundi la Watazamaji wa Ndege

Kila kundi la mtandaoni la wapenda ndege, liwe la Nakuru, Kisumu au Kakamega, hufikia wakati ambapo maswali yale yale huanza kurudi: flamingo wa Ziwa Nakuru wamekwenda wapi, anayeanza anunue darubini gani, yule ndege aliyetua juu ya nguzo ya umeme ni nani, na je, ni vibaya kumwita ndege kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu. Wanachama wa zamani huchoka, majibu yao hufupika, na hatimaye mgeni aliyeuliza kwa nia njema huambiwa kwamba jambo hilo lilishazungumzwa. Mwongozo huu ni wa wasimamizi na wanachama wanaotaka kundi lao lisifike huko. Msimamo wangu ni kwamba maswali yanayorudi hayafai kupigwa marufuku, wala hayafai kuvumiliwa tu. Yanafaa kutenganishwa, kwa kuwa kila moja lina sababu yake ya kurudi, na jibu linalolifaa moja huliharibu jingine.

Chunguza kwanza kinachoyarudisha

Makundi mengi ya kwetu yako WhatsApp, na huko, kwa mpangilio wa kawaida, anayejiunga leo haoni yaliyoandikwa jana. Kumwambia akatafute juu ni kumtuma mahali asipoweza kufika. Hata mwanachama wa muda mrefu, ambaye mazungumzo yote yamo katika simu yake, hukutana na kikwazo kingine, nacho ni kwamba picha haina maneno. Mtu alituma picha ya tai, mwingine akajibu kwamba ni yule wa juzi, wa tatu akatuma alama ya dole gumba, na katika mazungumzo hayo yote hakuna neno hata moja ambalo kitafutio cha simu kingeweza kulishika. Ujumbe wa sauti una kasoro hiyo hiyo, hata kama aliyezungumza ni mjuzi kuliko wote kundini.

Sababu nyingine ni majira. Kuanzia mwezi wa Oktoba mbayuwayu na keremkerem kutoka Ulaya na Asia huwa wamejaa katika anga yetu, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wao huwa wamekwisha kurudi kaskazini, kwa hiyo swali la wingi wa mbayuwayu juu ya mashamba ya miwa litaulizwa kila mwaka, na lina haki ya kuulizwa. Chozi anayegonga dirisha au kioo cha gari huleta swali lake wakati wa kuzaliana, kwa kuwa huona sura yake mwenyewe na kudhani ni mpinzani aliyeingia katika eneo lake. Msimamizi anayejua kalenda hii anaweza kuandaa jibu kabla ya swali kufika.

Mwisho kuna wale wanaouliza ili wafahamike. Mtu amekaa kundini kwa muda bila kusema lolote, na swali la darubini ndilo analoona halina hatari ya kumwaibisha. Anachohitaji ni kupokewa. Ukimpa jibu sahihi lililo baridi, utakuwa umejibu maneno yake tu.

Kusanya kabla ya kuandika

Usiandike majibu kwa kukumbuka, kwa sababu kumbukumbu hushika maswali yaliyotuudhi na kuyaacha yaliyopita kimya. WhatsApp hukuruhusu kuhamisha mazungumzo ya kundi kama faili la maandishi. Lifungue kwenye kompyuta, pitia walau kipindi kinachojumuisha mvua za masika na miezi ya ndege wahamiaji, na uandike katika daftari kila swali lililojitokeza zaidi ya mara mbili. Pamoja na swali lenyewe, andika jambo moja ambalo wasimamizi wengi hulipuuza: baada ya kujibiwa, muulizaji aliuliza nini tena? Hapo ndipo haja yake ya kweli huonekana. Anayeuliza kama flamingo wapo Nakuru mara nyingi hufuata kwa kuuliza kama inafaa kuwaleta watoto Jumamosi, na hiyo ina maana kwamba hakuwa akitafuta maelezo ya ekolojia ya ziwa. Alitaka kujua kama nauli na kiingilio vitapotea bure.

Yasiyobadilika, na yale yasiyoweza kusubiri

Yako maswali ambayo jibu lake ni lile lile mwaka hadi mwaka. Katika Kenya ya magharibi, linaloongoza pengine ni lile la tai mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopeperuka, anayekaa juu ya nguzo au mti ulio peke yake kando ya shamba. Wataalamu humwita Lophaetus occipitalis, na hula hasa panya, jambo ambalo mkulima wa mahindi anapaswa kulijua kabla ya kumrushia mawe kwa ajili ya vifaranga vyake. Jibu la namna hii liandikwe mara moja katika faili la majibu la kundi, kwa uangalifu, pamoja na picha nzuri iliyopigwa na mwanachama na kutumiwa kwa idhini yake. Liwe na maneno yote ambayo watu wa kwetu wangeweza kuyatumia wanapotafuta, yaani tai, kishungi, mweusi, nguzo ya umeme, na jina la kitaalamu. Vivyo hivyo, jibu lolote linalohusu flamingo liwe pia na neno heroe, maana baadhi ya wanachama wamefundishwa jina hilo shuleni.

Lipo hata hivyo swali moja lisilobadilika ambalo sitaki lipelekwe kamwe kwenye faili la majibu, hata likiulizwa kila wiki: nimeokota kinda la ndege, nifanye nini? Anayeuliza ana kiumbe hai mkononi. Mjibu hapo hapo, hata kwa mistari miwili. Kama kinda lina manyoya na linaweza kurukaruka, yamkini linajifunza kuruka na wazazi wake wako karibu. Liwekwe juu ya kichaka kilicho karibu, paka na watoto waondolewe, na watu wasimame mbali. Kama bado liko uchi, lirudishwe kwenye kiota iwapo kinafikika, na aliyelishika asihofu kwamba mama atalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono, kwani ndege hawaachi makinda yao kwa sababu hiyo. Lisinyweshwe maji kwa nguvu wala lisipewe mkate na maziwa.

Yanayotegemea mahali

Swali la darubini huonekana kama lina jibu moja, na ndiyo maana huzua mabishano yasiyokwisha. Mmoja anasema 8x42, mwingine anaapa kwa 10x42, na wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumza kutoka mahali pake.

Namba ya kwanza inaeleza darubini inakuza kitu mara ngapi, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata 5.25, nao ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kuelekea kwenye jicho. Ukigawa 42 kwa 10 unapata 4.2. Katika Msitu wa Kakamega, ambako matawi hufunika jua na turako mkubwa wa buluu hupita juu kabisa kwa muda mfupi, tofauti hiyo ya mwanga huonekana, na upana wa eneo ambalo darubini ya 8x42 huonyesha humsaidia mtazamaji kumkuta ndege kabla hajatoweka. Kwenye ukingo wa Ziwa Nakuru, mahali palipo wazi na penye jua, ukuzaji wa mara 10 humwezesha mtu kuuona mdomo wa flamingo na kutofautisha yule mdogo, mwenye mdomo wa rangi nyekundu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, na yule mkubwa, ambaye mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi. Lakini mpandishe mtu huyo huyo kwenye boti pale Dunga, Kisumu, na ukuzaji huo utamgeukia, kwa kuwa mtikisiko wa maji na wa mkono nao hukuzwa mara 10.

Kwa hiyo jibu lililoandikwa lianze kwa kumuuliza mtu atatazama ndege wapi zaidi, kama anavaa miwani, na ana kiasi gani cha fedha. Mvaa miwani anahitaji darubini inayomwezesha kuona picha nzima huku jicho likiwa umbali wa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Bei zisiandikwe kabisa, kwani huzeeka haraka na kulifanya jibu zima lionekane la uongo. Onyo moja liwekwe wazi: darubini za bei rahisi zinazojigamba kukuza mara 50 au 100, na zile zenye kitufe cha kubadilisha ukuzaji, humkatisha mwanzilishi tamaa.

Yanayobadilika kwa wakati

Flamingo wa Nakuru ndio mfano bora, na pia ndio mada inayoharibiwa zaidi kwa majibu ya haraka. Jibu lake lina nusu inayodumu na nusu inayopita, na kazi ya msimamizi ni kuzitenga.

Inayodumu ni hii. Flamingo mdogo hula hasa mwani mdogo sana uitwao Arthrospira, ambao hustawi katika maji yenye magadi. Mvua na mito inapoongeza maji ziwani, magadi hupungua nguvu, mwani hupungua, na ndege huhama, mara nyingi usiku, kwenda Bogoria, Elementaita au maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Tangu mwaka 2010 hivi, maji ya Ziwa Nakuru yamepanda na kufunika fukwe na miti iliyokuwa kando yake, na picha za zamani za ufuo wa waridi zinazoendelea kusambazwa ndizo zinazowafanya wageni watarajie wasichokikuta. Flamingo hawa hawazaliani Nakuru; mazalia yao makuu Afrika Mashariki ni Ziwa Natron, Tanzania. Mwaka 2011 UNESCO iliyaorodhesha Nakuru, Elementaita na Bogoria kwa pamoja kama urithi mmoja wa dunia, na mpangilio huo unaeleza vizuri jambo ambalo kundi linapaswa kulirudia bila kuchoka: kwa flamingo, maziwa haya ni makao mamoja, na kutoonekana katika ziwa moja si sawa na kufa. Nyakati ambapo maji yana magadi kidogo, mwari na mnandi wanaokula samaki hupata nafuu, jambo linalostahili kutajwa kwa anayesema kwamba hakuna tena cha kutazama Nakuru.

Nusu inayopita ni hali ya wiki hii, nayo isiandikwe kamwe bila tarehe, mahali na jina la aliyeona. Badala ya kuandika kwamba flamingo wapo wachache, mwanachama aandike alisimama upande gani wa ziwa, tarehe gani, na aliona makadirio ya ndege wangapi. Ujumbe huo ubandikwe juu ya kundi kwa siku 7 au 30, kama WhatsApp inavyoruhusu, kisha uachwe uondoke wenyewe. Taarifa ya flamingo isiyo na tarehe hudhuru kuliko kukaa kimya, kwa sababu kuna familia itasafiri kutoka Busia kwa kuiamini.

Yanayorudi kwa sababu hatukubaliani

Baadhi ya mada hurudi kwa sababu kundi halijawahi kuamua. Hizi haziwezi kutibiwa kwa maelezo; zinahitaji uamuzi, na uamuzi uandikwe katika maelezo ya kundi pamoja na tarehe ulipofanywa.

Kucheza sauti za ndege zilizorekodiwa ndiyo ngumu kuliko zote huku kwetu. Gonoleki wa mafunjo, Laniarius mufumbiri, mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, huishi ndani ya mafunjo ya kandokando ya Ziwa Victoria na vinamasi vya jirani, na kumwona bila kumwita kunahitaji subira ambayo mgeni wa siku moja hana. Ukimchezea sauti, hutoka, kwa sababu anadhani mwenziwe amevamia eneo lake. Huacha kula au kulisha makinda ili akabiliane na adui asiyekuwepo. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja huenda madhara yasionekane, ila Dunga ni mahali panapotembelewa sana, na ndege yule yule anaweza kusumbuliwa na kila boti inayopita. Mimi naunga mkono kanuni ya kutocheza sauti kabisa katika maeneo yanayotembelewa sana, karibu na viota, na katika msimu wa kuzaliana. Kundi lenu linaweza kuamua vingine. Lisiloweza kufanya ni kuendelea kubishana upya kila anapotokea mtu mwenye rekodi mpya. Wekeni siku moja kwa mwaka ya kulijadili tena, na katikati ya mwaka msimamizi amwelekeze mbishi kwenye siku hiyo kwa upole.

Kutangaza mahali pa viota hakuhitaji mjadala mrefu. Korongo mwenye taji ameorodheshwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, kuwa aliye hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, hutaga chini katikati ya vinamasi, na makinda yake huchukuliwa na watu wanaotaka kuyafuga au kuyauza. Atakayepiga picha ya kiota chake karibu na Kitale au Yala ataje kaunti tu. Wanachama wafahamishwe pia kwamba picha iliyotumwa kama faili, badala ya kutumwa kama picha ya kawaida, inaweza kubeba ndani yake vipimo vya mahali ilipopigiwa.

Bundi ni mada ya aina nyingine kabisa. Kila anapotajwa, kuna mwanachama atakayesema kwamba bundi akilia karibu na nyumba kuna msiba, na kuna kijana atakayemcheka. Kanuni haifai hapa. Ninashauri mwanachama huyo aulizwe kwa heshima alimsikia bundi wapi, alilia vipi, na kama panya wamepungua ghalani tangu alipofika. Nimeona mazungumzo yaliyoanza hivyo yakienda mbali kuliko mabishano yoyote, kwani mtu asiyeaibishwa husikiliza, na bundi aliyeokolewa na mwenye boma ana usalama ambao sisi tulio mbali hatuwezi kumpa.

Namna ya kumjibu aliyeuliza

Usitume kiungo peke yake. Jibu kwanza kwa ufupi, kisha mwelekeze kwenye maelezo marefu, kisha umuulize jambo ambalo yeye pekee analijua. Kwa mfano: “Karibu sana, dada. Huyo ni tai mwenye kishungi, anakula panya na ni wa kawaida sana Bungoma. Maelezo zaidi yapo katika faili letu, sehemu ya tai. Je, ulimwona eneo gani, na alikuwa peke yake?” Swali hilo la mwisho lina faida mbili. Linamwonyesha mgeni kwamba alichokiona kina thamani, nalo huliletea kundi taarifa mpya hata pale ambapo jibu ni la zamani. Mradi wa Kenya Bird Map hukusanya orodha za ndege kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9, na katika kazi kama hiyo taarifa ya ndege wa kawaida kutoka mraba ambao haujaandikwa sana ni mchango halisi. Mwanachama aliyeuliza kuhusu tai akifundishwa kuandika orodha yake huko, swali lake lililochosha wengine litakuwa limejaza pengo kwenye ramani ya nchi.

Wanachama waliojifunza karibuni ndio wanaofaa kujibu, huku wajuzi wakisubiri kidogo na kuingilia tu panapotokea kosa. Aliyejifunza mwezi uliopita anakumbuka alichokuwa hakielewi, na kwa kujibu hujithibitishia mwenyewe kwamba amejua.

Mahali pa kuyahifadhi

Faili la majibu liwe jepesi, ili lipakuliwe bila kumaliza bando la mtu. Kurasa chache za maandishi na picha zilizopunguzwa ukubwa zinatosha. Litumwe kwa kila anayejiunga pamoja na salamu ya jina lake. Kila jibu liwe na tarehe lilipopitiwa mara ya mwisho. Wagawieni wanachama watatu au wanne sehemu za kusimamia, mmoja ndege wa ziwani, mwingine wa msituni, mwingine vifaa, na walipitie faili mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Septemba kabla ya wahamiaji kufika kwa wingi, na mwezi wa Februari kabla ya mvua kuanza na maswali ya viota na makinda kuongezeka. Katika kila mapitio, swali ambalo halijaulizwa tangu mapitio yaliyopita liondolewe ili faili lisikue hadi likose msomaji, na nakala ya toleo la awali ibaki kwa msimamizi wa pili, kwa kuwa simu hupotea na wasimamizi huhama.